Kisheli: Jina la Majengo ya Kando ya Barabara

Shuka kwenye basi Songea, mwambie bodaboda akupeleke sheli. Hatakuuliza sheli ya kampuni gani. Atakuuliza ya upande gani: barabara ya Njombe, ya Mbinga au ya Tunduru. Kampuni inaweza kuwa yoyote, rangi za bango zinaweza kuwa zozote, na mwenye mali anaweza kuwa mfanyabiashara wa hapahapa aliyeandika jina la ukoo wake juu ya pampu. Bado ni sheli. Watu husema "sheli ya Total" na hakuna anayesikia majina mawili yakigongana.

Kwenye karatasi za serikali mahali hapo panaitwa kituo cha mafuta, na jina hilo nalo nitalirudia, maana lina utajiri wake. Lakini neno la mdomoni ni sheli. Asili yake iko wazi. Familia ya Marcus Samuel wa London ilifanya biashara ya makombe ya baharini kabla ya kuingia kwenye mafuta, na mwaka 1891 jina Shell lilianza kutumika kwenye mafuta ya taa waliyoyauza Mashariki. Mwaka 1904 kombe likawa alama ya kampuni. Mwaka 1971 Raymond Loewy, mbunifu wa Marekani, alilichora upya kwa mistari michache, jekundu na njano, ili dereva alitambue kwa mbali bila hata kusoma herufi. Basi mtu wa Songea, aliyetengwa na Bahari ya Hindi kwa mamia ya kilomita za milima na misitu, anaposema anapita sheli mara moja, anataja kombe la pwani. Hakufundishwa na mtu. Bango lilisimama juu ya nguzo, likasomwa, na lilichosomwa kikawa jina la kitu kizima: pampu, paa, duka la vilainishi, choo cha abiria, na uwanja wa zege ambao malori hugeuzia.

Hilo ndilo jambo ninalotaka kulieleza. Maneno ya Kiswahili ya barabarani hayakuzaliwa kwenye kikao. Yalisomwa kwenye vibao.

Mfano ulio mzuri kuliko yote ni kipilefti. Waingereza walipojenga mizunguko ya njia panda, waliweka kibao chenye maneno KEEP LEFT, amri ya kumtaka dereva ashike kushoto. Msomaji wetu alikiona kibao, akaliona na duara la udongo na maua nyuma yake, akalipa duara jina la amri. Kisha sarufi ikaingia. Sauti ki- iliyokuwa mwanzoni mwa neno la kigeni ikapokelewa kama kiambishi cha ngeli, na leo tunavyo vipilefti viwili, vitatu, kama vile kitabu cha Kiarabu kilivyotuzalia vitabu. Yule afisa wa ujenzi wa barabara aliyeagiza kibao kile alidhani anaelekeza magari. Kumbe alikuwa anaongeza neno kwenye kamusi. Dada yake kipilefti ni madigadi, ile kinga ya tope juu ya gurudumu: ma- ya mwanzo imesikika kama wingi, na fundi anayekuuzia moja anakuuzia digadi. Na Kariakoo, soko lenye sauti kuliko masoko yote nchini, lilipata jina kwa kikosi cha wapagazi wa Kiingereza cha vita vya kwanza, Carrier Corps, ambacho kilikuwa na kambi hapo.

Sikio la Songea nalo lina ngeli zake. Tuna mtaa unaitwa Lizaboni, jina lenye mlio wa mji mkuu wa Wareno. Ukilitamka peke yake linaonekana la kigeni. Litamke pamoja na Litisha, Lilambo, Likuyu, Lituhi, Liuli, na utasikia limekaa kwenye safu kama mwenyeji, kwa sababu li- ndiyo mlango ambao majina ya vijiji vya Ruvuma hupitia. Tuna pia Bombambili, ambayo sarufi ya darasani ingetaka iwe Mabomba Mawili, lakini mtaa haukusubiri darasa.

Na kabla ya bango kulikuwa na debe. Mafuta ya taa yaliletwa kwa madebe ya bati ya galoni 4, karibu lita 18, na debe lenyewe lilikuwa tangazo la kwanza la kampuni za mafuta kufika vijijini, maana lilipigwa chapa. Mafuta yalipokwisha, debe halikutupwa. Lilichotea maji. Lilikatwa na kunyooshwa likaezekea vibanda. Likawa kipimo, na hadi leo mkulima wa mahindi wa Namtumbo na mnunuzi wake wanabishana kwa debe. Stendi wakalipiga ili kuita abiria, tukapata wapigadebe, na kutoka stendi neno likapanda jukwaani, ambako mtu humpigia debe mgombea wake. Neno limetoka Bara Hindi, chombo kimetoka kiwandani, matumizi yamebuniwa hapa. Sioni neno jingine la biashara ya mafuta lililofanya kazi nyingi kiasi hicho.

Sasa niende kwenye kitu kisicho na jina la Kiswahili.

Kati ya mwaka 1945 na katikati ya miaka ya 1960 ulitokea mtindo wa kujenga ambao kila aliyesafiri kwa gari anaufahamu hata kama hajui historia yake. Ni mtindo wa majengo ya kando ya barabara: vituo vya mafuta, migahawa, sinema, hoteli za wasafiri. Paa lake halitulii. Linanyanyuka upande mmoja kama linataka kuondoka, au linatandazwa bapa juu ya nguzo mbili nyembamba na kuning'inia mbele bila kushikiliwa na kitu. Kuta ni kioo. Bango ni refu kuliko jengo, lina mshale, lina nyota yenye miale mirefu isiyolingana, na usiku linawaka kwa taa za neoni. Kisa chake ni mwendo. Mtu anayepita kwa miguu ana muda wa kuusoma mlango. Dereva aliye mwendo wa kilomita 80 kwa saa ana sekunde chache za kuamua kusimama au kupita, kwa hiyo jengo zima lilibidi lisomeke kwa mara moja. Ukuta ukageuka herufi.

Kisha anga ikaingia. Tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi walirusha Sputnik, na tufe lile lenye antena 4 likaanza kuonekana kwenye mabango ya Marekani, likiwaka juu ya nguzo. Mwaka 1959 Betty Willis alichora bango la kuwakaribisha wageni Las Vegas, na juu yake kuna nyota ya miale hiyohiyo. Mwaka 1961 uwanja wa ndege wa Los Angeles ulipata mgahawa ulioning'inizwa kwenye matao mawili makubwa ya kupishana, umbo la kisahani kilichotua juu ya miguu minne. Mwaka huohuo, tarehe 12 Aprili, Yuri Gagarin aliizunguka dunia, na tarehe 9 Desemba Tanganyika ikapata uhuru. Kizazi cha wazazi wetu kiliyapokea mambo hayo mawili kwenye redio moja.

Wamarekani wenyewe walihangaika kuupa mtindo huu jina. Mwaka 1949 msanifu John Lautner alijenga mgahawa wa kahawa mjini Los Angeles uliokuwa na jina Googies, lililotokana na jina la utani la mke wa mwenye mgahawa. Mwaka 1952 mwandishi Douglas Haskell, alipoandika kwenye jarida la House and Home, alichukua jina hilo la kwenye bango akaliita kundi zima la majengo ya namna ile Googie. Alilitumia kwa dhihaka, na kwa miaka mingi wasanifu wenye heshima zao walilitumia hivyohivyo. Mgahawa ulibomolewa mwaka 1989. Jina likabaki, dhihaka ikachujuka, na leo ni istilahi ya vitabuni. Kwenye pwani nyingine ya nchi hiyohiyo, mji wa Wildwood wa New Jersey wenye hoteli nyingi za namna hii uliamua kuziita Doo Wop, jina la mtindo wa kuimba wa miaka hiyohiyo. Kila mji ulichukua kilichokuwa karibu na mkono wake.

Tazama jinsi njia ilivyo ileile. Jina la mwanamke likawa jina la mgahawa, la mgahawa likaandikwa kwenye bango, bango likasomwa na mtu aliyekuwa kwenye gari, na jengo, halafu kundi la majengo, vikachukua jina lake. Ni njia ya sheli na kipilefti. Kwa hiyo ninapoona tafsiri iliyopangwa kwa uangalifu, "usanifu majengo wa kando ya barabara wa enzi za anga za juu", nasikitika. Hayo ni maelezo. Huwezi kuyaweka kwenye sentensi ukabakiwa na pumzi ya kusema jambo lenyewe. Istilahi inatakiwa iitike inapoitwa, ikubali kunyambuliwa, na isimame kando ya maneno mengine bila kuyasukuma. Kuna anayeweza kupendekeza tulitohoe la Los Angeles tuseme gugi. Lakini neno hilo lingekaa jirani na gugu, na mkulima wa Songea, ambaye Januari yote yuko shambani anapambana na magugu, angeshangaa jengo la namna gani hilo la kung'olewa.

Nchi zetu zina majengo ya mtindo huu yanayostahili jina, na mengine yametangulia ya Marekani. Asmara, Eritrea, kipo kituo cha mafuta cha Fiat Tagliero, kilichojengwa mwaka 1938 na mhandisi Mwitaliano, Giuseppe Pettazzi, kwa umbo la ndege. Katikati kuna mnara kama chumba cha rubani, na kila upande limetoka bawa la zege lenye urefu wa mita 15, lisilo na nguzo hata moja chini yake. Inasimuliwa Asmara kwamba wakuu wa mji walikataa kuidhinisha mabawa yasiyo na nguzo, kwamba Pettazzi aliwachorea nguzo kwenye ramani ili apate kibali, na kwamba siku ya uzinduzi alitaka nguzo za mbao zilizokuwa zimeegemezwa ziondolewe, fundi akaogopa, naye akatoa bastola. Hadithi ya bastola iachiwe wasimulizi. Mabawa yapo. Yamepita vita, na mwaka 2017 mji wa Asmara ukaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Dar es Salaam, Beda Amuli, msanifu majengo wa mwanzo miongoni mwa Waafrika wa Afrika Mashariki, alilisanifu Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa, kila mmoja kwenye mguu wake, ikigusana kwa kingo. Mwavuli wa kawaida humwaga maji pembeni. Hii ya Amuli huyakusanya katikati na kuyateremsha kwenye mguu. Hata baada ya moto ulioliunguza soko Julai 2021, neno linalotumiwa na watu kwa paa lile linabaki kuwa miavuli. Nairobi, jengo la mikutano la KICC, lililojengwa kati ya 1967 na 1973 kwa usanifu wa Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso, limebeba kisahani juu ya mnara wa mita 105, na ndani ya kisahani ulijengwa mgahawa wa kuzunguka. Dar es Salaam ilipata sinema ya kutazama ukiwa ndani ya gari mwaka 1966, Nairobi ikawa na Fox na Belle-Vue. Ya mwisho hiyo ilikuwa Barabara ya Mombasa, na mpaka leo makondakta wa matatu wanaita Bellevue mahali pasipo na sinema.

Songea haimo kwenye orodha hiyo, na sababu ni lami. Mtindo huu ni mtoto wa barabara ya lami, na barabara ya lami kutoka Makambako ilifika hapa miaka ya 1980, kwa msaada wa Uingereza. Kabla yake masika yaliufunga mji. Upande wa Tunduru tumesubiri hadi miaka ya 2010. Kwa hiyo enzi ambayo California ilikuwa inawasha nyota za neoni, dereva wa lori la Songea alikuwa anatafuta kuni za kuweka chini ya tairi. Vilivyotufikia vilikuja vimechelewa na vimepukutika: ngazi ya vipandio kwenye ukingo wa juu wa duka la Mhindi, tofali za matundu kwenye ukuta wa ngazi za gesti, sakafu ya terazo yenye vijiwe vya rangi, kibaraza cha zege kilichotoka mbele ya duka bila nguzo. Lakini mtindo wenyewe haukufa ulipoacha kuwa wa kisasa. Ulihamia kwenye sheli, na kwenye sheli umebaki.

Simama mbele ya sheli yoyote ya leo kwenye barabara ya Njombe, jioni, uitazame polepole. Nguzo ni 4, mara nyingine 2, za chuma, nyembamba kuliko unavyodhani zingetakiwa kuwa. Juu yake kuna paa bapa, pana kuliko nyumba ya vyumba vinne, halina mteremko unaoonekana. Mteremko upo, umefichwa ndani. Maji ya mvua yanakusanywa na bomba lililopitishwa ndani ya nguzo, ndiyo maana hata mvua ya Machi ikinyesha huoni michirizi pembeni. Ukingo wote wa paa umevikwa mkanda wa bati laini lenye rangi za kampuni, na taa zimepachikwa tumboni mwa paa kuelekea chini. Giza likiingia nguzo zinapotea. Kinachobaki ni kipande cheupe cha mwanga kilichosimama hewani juu ya zege. Abiria wa basi la kutoka Dar es Salaam anakiona kabla hajaona nyumba hata moja ya mji, na anajua amefika. Lautner angekitambua. Pettazzi pia.

Mafundi wanaokijenga wana maneno yao, nami huyathamini kama wengine wanavyothamini sarafu za kale. Paa lote wanaliita kenopi. Sehemu inayotoka nje ya nguzo ikiwa imeshikwa upande mmoja tu, ile iliyomtia hofu fundi wa Asmara, wanaiita kantiliva, na wanalitamka kwa heshima, kwa kuwa ndiyo inayokula nondo. Vipande vya kioo au bati vilivyolazwa kuruhusu hewa ni luva. Jamvi ni zege la chini, neno ambalo mwanzo wake ni mkeka wa kukalia wageni. Mtu aliyeliita zege lile jamvi alikuwa na macho ya mshairi. 

Sasa nirudi kwenye kituo. Wapo wanaolidharau kituo cha mafuta kwa kuwa ni neno la ofisini. Mimi silidharau, kwa sababu ya kitenzi kilichomo. Kituo ni pa kutua. Mpagazi hutua mzigo, ndege hutua mtini, eropleni hutua uwanjani, na jua nalo hutua. Mahali ambapo lori lenye tani 30 za mahindi linapumzika pameitwa kwa kitenzi cha kiumbe kilichotoka juu. Wasanifu wa Marekani walitumia chuma na neoni nyingi kulifanya jengo lionekane kama chombo kilichotua kando ya barabara. Kiswahili kilikuwa na jambo hilo ndani ya neno. Na kituo hichohicho ndicho tulichotumia kwa mambo ya anga yenyewe. Zanzibar ilikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury wa Wamarekani, na tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipozunguka dunia mara 3, kilikuwa miongoni mwa vituo vilivyowasiliana naye alipopita juu. Kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Miaka 6 baadaye, tarehe 12 Desemba 1970, jukwaa la San Marco lililoko baharini karibu na Malindi lilirusha setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, na setilaiti ikapewa jina Uhuru.

Anga pia si neno jepesi. Kamusi za zamani zinalipa maana mbili, mbingu na nuru, na ndiyo maana mwanga na mwangaza ni ndugu zake. Lakini kuna kitenzi kuanga, kucheza uchawi usiku, na mtendaji wake ni mwanga, wingi wake wanga. Neno moja, mwanga, linabeba taa ya umeme na mchawi wa usiku wa manane. Na huyo mchawi anasafiri kwa nini? Kila mtoto wa Songea anajua: kwa ungo. Ungo wa kupetea mahindi, uliosukwa kwa mianzi na kuzungushiwa ukingo, ndicho chombo cha angani cha mababu zetu, mviringo, bapa, hakina injini. Wazungu walipoanza kusimulia visahani virukavyo mwaka 1947, hapa habari ya sahani inayoruka ilikuwa ya zamani.

Kisha dishi za televisheni zikaja, na watu wakaziita ungo. "Fundi amekuja kufunga ungo," wanasema, na fundi yuko juu ya bati anageuza ungo taratibu kutafuta setilaiti iliyo kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta. Sijui istilahi nyingine ya teknolojia iliyopatikana kwa usahihi mkubwa kiasi hiki. Umbo ni lile, kazi ya kukusanya kilicho chepesi kutoka hewani ni ileile, na safari ya angani ilikwishakuwamo. Hakuna kamati iliyokaa.

Kwa hiyo pendekezo langu ni la mtu aliyeokota, na wala si la mtu aliyebuni. Mtindo huu uitwe kisheli. Kiambishi ki- cha namna tunacho, nacho hakichoki: kisasa, kikwetu, kizungu, kijeshi. Jengo la kisheli, paa la kisheli, hoteli iliyojengwa kisheli. Atakayesema ni jina la kampuni nitamkumbusha omo ya kufulia, kiwi ya viatu na kolgeti ya meno, ambazo hakuna mama wa Songea anayeuliza kiwanda chake anapomtuma mtoto dukani. Sheli ilikwisha kuacha kuwa mali ya mtu. Na kwa jengo lenye umbo la mviringo bapa lililopandishwa juu ya mguu au mnara, tuseme lina ungo. Kisahani ni cha mezani. Hakijawahi kuruka kwetu.

Niyapime. Fiat Tagliero ni sheli ya mabawa, hilo halina ubishi. Mgahawa wa uwanja wa ndege wa Los Angeles ni ungo wenye miguu. KICC ina ungo, lakini si jengo la kisheli, kwa sababu halikujengwa lisomwe na dereva anayepita. Linakutaka usimame uwanjani uinue shingo. Soko la Kariakoo halihitaji neno langu lolote, lina miavuli yake. Sinema ya magari ni ya kisheli kabisa kabisa: skrini yake ni bango kubwa kuliko yote, na wateja hawashuki. Duka la Songea lenye kibaraza cha zege kisicho na nguzo ni la kisheli kidogo, na Kiswahili kinaruhusu kusema hivyo, kisheli kidogo, jambo ambalo yale maelezo marefu ya enzi za anga za juu yasingeliweza.

Kimebaki kitu kimoja ambacho nilidhani hakina jina, nacho ni ule mkanda unaowaka pembeni mwa paa la sheli, ulioandikwa jina la kampuni ukazunguka pande zote. Si bango, kwa kuwa bango husimama peke yake. Kibao ni cha mbao au bati na kina mwisho, huu hauna. Nikawauliza mafundi waliokuwa wanaubadilisha, maana sheli ilikuwa imeuzwa na rangi za mwenye mali mpya zilikuwa zinapanda. Wakanijibu bila kusita: fisha bodi. Kwenye nyumba zetu fisha bodi ni ubao uliopigiliwa kwenye ncha za kenchi ili zisionekane. Kwenye sheli hakuna kenchi ya mbao ya kufichwa, wala hakuna ubao. Kuna karatasi ya alumini yenye taa ndani. Neno limekwisha hamia juu ya barabara, na aliyekuwa kwenye ngazi alikuwa analipigia kelele kwa mwenzake aliye chini, amletee kipande cha kona.